Wasomaji Wanauliza: Kwenda Japani Kusoma na Kuwajua Watu Wake

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za watu wanaotazama upande wa Japani: mwanafunzi wa Morogoro, kijana wa Nairobi ambaye tayari amekubaliwa chuoni, na mzazi wa Tanga. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linaisaidia nyingine, na kwa sababu mimi mwenyewe nilisomea huko shahada ya uzamili, kwa hiyo mengi ya nitakayoyasema nimeyapitia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia. Nikimaliza shahada yangu ningependa kuomba ufadhili wa kwenda Japani, na nia yangu hasa ni kuelewa tofauti za kitamaduni kati yao na sisi. Wenzangu wananicheka, wanasema watu huenda Japani kusomea uhandisi, na kwamba utamaduni wa Wajapani unapatikana wote kwenye simu. Je, nia hii inatosha kumpeleka mtu mbali namna hiyo? Na nikifika, nianzie wapi kuzitafuta hizo tofauti? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nia yako inatosha, wala usiionee haya. Wajapani wenyewe waliwahi kuwatuma watoto wao mbali kwa nia inayofanana na yako. Mwaka 1871 serikali ya Mfalme Meiji wa Japani ilipeleka Marekani na Ulaya ujumbe mkubwa ulioongozwa na Iwakura Tomomi, na katika msafara huo walikuwamo wasichana watano waliokwenda kusoma. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na umri wa miaka 6. Aliishi Marekani kwa takriban miaka 11, na aliporudi mwaka 1882 alikuwa ameisahau lugha aliyozaliwa nayo, ikambidi ajifunze upya kuzungumza na wazazi wake. Mwaka 1900 alianzisha shule ya wanawake ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Tsuda, na tangu Julai 2024 sura yake imo kwenye noti ya yeni 5,000. Ukifika huko na mtu akakuuliza umekuja kutafuta nini, mtolee noti hiyo, naamini atakuelewa haraka kuliko wenzako wa Morogoro.

Ama kuhusu simu, wenzako hawajakosea kabisa. Kwenye simu utaona kwamba Wajapani huinama wanaposalimiana, huvua viatu mlangoni, na hawapigi simu ndani ya treni, na yote hayo ni kweli. Usichokiona ni sababu, kwani sababu haipigwi picha, nayo huijui mpaka siku utakapokosea wewe mwenyewe mbele ya watu unaowaheshimu.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mambo ya ajabu: samaki mbichi, matetemeko ya ardhi, vijiti vya kulia, ndara maalumu za chooni ambazo ni aibu kubwa kutoka nazo sebuleni. Hayo hayakunisumbua hata wiki mbili, kwa sababu kila mtu anakutarajia usiyajue na yuko tayari kukufundisha. Yaliyonisumbua mwaka mzima ni yale niliyodhani ninayajua tangu nyumbani.

Nitakupa mfano mmoja. Siku yangu ya nne katika chumba cha watafiti, nilichopangiwa pamoja na wanafunzi sita, nilifungua chakula changu cha mchana, wali na maharage niliyopika usiku, na kama nilivyolelewa, kabla sijatia tonge la kwanza niliwageukia wenzangu nikawaambia karibuni, kwa Kijapani changu cha kuombea maji. Chumba kizima kilinyamaza. Kwetu karibu ile ni sehemu ya salamu. Anayekaribishwa hujibu kwamba anashukuru, ameshiba, na kila mtu anaendelea na shughuli yake. Wao waliisikia kama mwaliko wa kweli unaodai jibu la kweli. Wawili walitazamana. Hatimaye msichana aliyeketi jirani nami aliinuka na kifuniko cha bakuli lake, akapokea kwa mikono miwili kijiko kimoja cha maharage, akala akiwa amesimama na kuyasifu. Asubuhi iliyofuata nilikuta juu ya meza yangu pakiti ndogo ya biskuti iliyofungwa kwa uangalifu kama zawadi ya arusi, na kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi nyepesi ili niweze kuzisoma: asante kwa maharage ya jana.

Nilifurahi sana siku ile. Ilinichukua miezi kadhaa kufahamu kwamba nilikuwa nimemtwika yule binti deni. Kwao zawadi hudai kurudishiwa zawadi, jambo wanaloliita okaeshi, na mimi kwa ukarimu wangu nilikuwa nimemlazimisha atoke usiku wa baridi kwenda kununua biskuti kwa sababu ya kijiko cha maharage.

Tangu hapo nilianza kuielewa tofauti ambayo naiona bado kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Heshima tuliyolelewa nayo sisi ni ya kumwendea mtu: unamsalimu, unamuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, unamkaribisha chakula hata kikiwa kidogo, na ukimpita bila neno umemdharau. Heshima niliyoikuta kule ni ya kumwachia mtu nafasi: usimtwishe mzigo, usimlazimishe kujibu, usimpotezee muda, usimweke mahali ambapo itambidi akukatalie. Usumbufu anaopewa mtu na mwenziwe wanauita meiwaku, na mtoto hufundishwa kuuepuka tangu shule ya chekechea. Nilipolielewa hilo, mambo mengi yaliyokuwa yameniumiza yalibadilika sura machoni pangu. Abiria walioketi kando yangu kimya kwa dakika arobaini hawakuwa wamenichukia. Walikuwa wananistahi kwa namna yao. Jirani ambaye hakuwahi kunigongea mlango ndiye huyo huyo aliyenichorea kalenda ya takataka, siku za taka za kuchoma, siku za plastiki, siku za chupa na makopo, baada ya mfuko wangu kuachwa barabarani ukiwa umebandikwa karatasi nyekundu ya kuukataa. Aliitumbukiza kalenda hiyo kwenye sanduku langu la barua bila kuandika jina lake, ili nisilazimike kwenda kumshukuru.

Kuna mfano wa pili, na huu nauandika kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi, Mswahili, ndiye niliyepaswa kuuelewa mapema. Nilimwomba profesa wangu ruhusa ya kwenda nyumbani wiki tatu katikati ya muhula kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu. Alivuta pumzi kupitia kwenye meno, akainamisha kichwa upande, akasema „chotto...“ na hakumalizia sentensi. Neno chotto maana yake ni kidogo. Mimi nikadhani ananiambia kwamba lipo tatizo dogo tu, na jioni ile ile nikaanza kutafuta tiketi. Aliyeniokoa ni senpai wangu, yaani mwanafunzi aliyenitangulia kuingia katika kikundi chetu cha utafiti, ambaye alikuja kuniuliza kwa upole sana kama siku hizi arusi za kwetu haziwezi kutazamwa kwa video. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeshakataliwa, na sasa nilikuwa ninakataliwa mara ya pili.

Fikiri, mwanangu. Sisi tunaomjibu mgeni „inshallah“ na „tutaona“, sisi ambao fundi wetu husema „njoo kesho“ huku akijua kesho haiko tayari, tulihitaji nani atufundishe kwamba mtu mstaarabu hasemi hapana? Si kweli, basi, kwamba wao huficha na sisi husema wazi. Sote tunaficha, ila sisi huificha hapana yetu ndani ya ndiyo, na wao huificha ndani ya sentensi isiyomalizika. Vivyo hivyo unapozungumza nao utawasikia wakiitikia „hai, hai“, na ukifungua kamusi utakuta kwamba hai ni ndiyo, lakini aghalabu maana yake ni ile ya „enhe“ yetu, yaani nakusikia, endelea. Niliwahi kutoka katika kikao nikiwa nimehesabu ndiyo kumi na mbili na sina kibali hata kimoja.

Huyo senpai wangu naye ni somo peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 24 na mimi 31. Kwetu yeye ndiye angeniamkia, kwa kuwa shikamoo hufuata umri. Kule kilichohesabiwa ni mwaka wa kuingia, na aliyenitangulia kwa miaka miwili alikuwa mkubwa wangu, mimi kohai wake, nikimsemesha kwa lugha ya adabu naye akinijibu kwa lugha ya kawaida. Ilinichoma mwanzoni. Baadaye niliona upande wake mwingine: kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu, alinibeba. Ndiye aliyekwenda nami ofisi ya manispaa kuandikisha anwani, ndiye aliyekesha akinisahihishia ripoti yangu ya kwanza, wala hakutaka kupokea chochote, akiniambia kwamba nitakapompata kohai wangu nimfanyie yeye.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakujibu uanze kwenye maneno ambayo yanakaribia kufanana na ya kwetu, uyafuate mpaka pale yanapoachana. Wanapomaliza kazi huambiana „otsukaresama“, na ukiisikia utaitafsiri papo hapo kuwa „pole na kazi“, nawe utakuwa umepatia, kwa sababu lugha nyingi za dunia hazina salamu ya namna hiyo na sisi tunayo. Kisha angalia: pole yetu tunampa pia aliyejikwaa, aliyefiwa na mgonjwa, ilhali otsukaresama ni ya waliofanya kazi, na humwambii mfiwa. Au chukua mottainai, neno ambalo Profesa Wangari Maathai alilisikia alipozuru Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kupewa Tuzo ya Amani ya Nobeli, akalipenda kiasi cha kulipeleka kwenye majukwaa ya dunia katika kampeni zake za mazingira. Ni neno la kusikitika kitu kinapopotea bure kabla thamani yake haijatumika: punje za wali zilizobaki bakulini, maji yanayomwagika. Mzee wa pwani angeliita jambo hilo israfu. Lakini israfu ndani yake mna Mwenyezi Mungu anayekataza ubadhirifu, na wa kulaumiwa ni mtu aliyetupa. Kwenye mottainai kinacholiliwa kwanza ni kitu chenyewe, ule wali ambao haukufika ulikokuwa ukienda. Ukiweza kuandika kurasa kumi juu ya umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili, utakuwa umefanya kazi ya mwanasosholojia.

Onyo moja tu. Usirudi na sentensi inayoanza „Wajapani wako hivi“. Watu wa Osaka watakuongelesha barabarani kwa maneno mengi kuliko wa Tokyo, bibi mkulima wa kijijini atakuletea figili mlangoni bila kukuuliza kama unazitaka, na wenzako wa darasani watakuwa wamechoshwa na baadhi ya desturi hizo kuliko wewe. Andika mtu fulani, mahali fulani, siku fulani, alifanya nini, nawe uliumia au ulifurahi kwa sababu gani. Daftari langu la namna hiyo lilikuwa na manufaa kuliko mihadhara mingi niliyoisikiliza.

Sasa tuje kwenye njia ya kufika. Ufadhili wa serikali ya Japani, ambao wengi huuita MEXT kwa jina la wizara yao ya elimu, umekuwapo tangu mwaka 1954. Mwenye shahada ya kwanza huomba katika daraja la mwanafunzi mtafiti, akiwa na umri wa chini ya miaka 35. Maombi hupitia ubalozi wa Japani katika nchi yako, na tangazo kwa kawaida hutoka kati ya Aprili na Mei kwa safari ya mwaka unaofuata. Wanaochaguliwa hufanya mtihani wa lugha na mahojiano, kisha humtafuta profesa wa kuwapokea. Ada ya masomo hulipi, tiketi ya kwenda na kurudi hutolewa, na posho ya mwezi kwa daraja hilo imekuwa kati ya yeni 143,000 na 145,000. Kuomba hakuna malipo, kwa hiyo wakala yeyote atakayekutaka pesa ili „akuingizie jina“ mwache na njaa yake. Iwapo utapenda kuuona pia utamaduni wa maofisini, upo mpango wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano na nchi nyingine, uitwao ABE Initiative, uliotangazwa katika mkutano wa Japani na nchi za Afrika, TICAD, wa mwaka 2013 mjini Yokohama, unaounganisha shahada ya uzamili na mafunzo ya kazi katika kampuni za Kijapani.

Kitakachokupitisha au kukuangusha ni andiko la utafiti. Usiandike kwamba unataka kuchunguza tofauti za kitamaduni, maana bahari hiyo haina ufuo. Chagua jambo moja unaloweza kulishika kwa mikono. Ningekuwa wewe ningechunguza misiba. Kwao anayekwenda kuhani hupeleka koden, fedha zinazotiwa katika bahasha maalumu yenye jina lake, na wafiwa huorodhesha kila bahasha, kisha baada ya siku kadhaa humrudishia kila mmoja zawadi, mara nyingi yenye thamani ya karibu nusu ya alichotoa. Kwetu rambirambi nazo huandikwa daftarini, lakini mfiwa harudishi kitu; anasubiri siku yako ifike ndipo naye aje. Watu wawili wamekaa na daftari la msiba, mmoja analipa deni lake haraka ili aliyetoa asibaki anamdai, mwingine analiacha deni libaki ili undugu usikatike. Hilo ni andiko zima, na sidhani kama kuna profesa atakayelisoma asitake kukuona.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimekubaliwa chuo kimoja katika kisiwa cha Kyushu, katika programu inayofundishwa kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeambiwa kwamba Kijapani ni kigumu mno na kwamba sitakihitaji. Nitumie miezi hii iliyobaki kujifunza, au nijiandae kwa masomo yenyewe? (Kijana, Nairobi)

JIBU: Marahaba, na hongera. Jifunze Kijapani. Programu za Kiingereza ni neema kubwa, zimewafungulia mlango maelfu ya wanafunzi ambao wasingeweza kuingia kwa Kijapani, lakini zina hatari yake: unaweza kuishi miaka minne katika bweni la wageni, ukala na wageni, ukasoma na wageni, ukarudi Nairobi ukiwa unawajua Wanepali na Wavietnamu vizuri sana na Wajapani kwa kuwaona dirishani.

Kuhusu ugumu, wewe umebahatika kuliko wengi. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu. Mwalimu wangu wa kwanza alishangaa darasa zima la Wazungu likihangaika na jina Yokohama ilhali mimi nililisoma kama ninayesoma Mwembeyanga. Hata maneno ya kigeni huyameza kama tunavyoyameza sisi: hoteli yao ni hoteru, basi ni basu, redio ni rajio, kamera ni kamera. Angalia urefu wa irabu tu, kwa sababu obasan ni shangazi na obaasan ni bibi, na mwanamke wa miaka arobaini uliyemwita bibi hasahau upesi.

Ugumu uko kwenye maandishi. Hiragana na katakana, seti mbili za herufi za silabi zenye alama za msingi 46 kila moja, zimalize kabla hujapanda ndege. Mwezi mmoja wa bidii unatosha. Kanji, yaani herufi zenye asili ya Uchina, ni kazi ya miaka: orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina herufi 2,136. Usizitishike, chukua tano kwa siku na uzisome kwenye vitu halisi, kwenye vibao vya stesheni na pakiti za chumvi. Jiwekee lengo la JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, unaoanzia ngazi ya N5 kwa wanaoanza na kupanda hadi N1. Ukishakuwa na kibali cha kufanya kazi, ambacho kwa mwanafunzi huruhusu saa 28 kwa wiki wakati wa muhula, tafuta kazi ya dukani au mkahawani hata kama huna shida kubwa ya pesa, kwa sababu lugha ya adabu, wanayoiita keigo, husikika kwa mteja na muuzaji kuliko darasani.

Na ukichoka, kumbuka kwamba wao walishakutangulia kuja kwetu. Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili kama somo lao kuu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wapo Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1965 wakichunguza sokwe, wakizungumza Kiswahili na wenyeji wa huko msituni. Nilikutana na mmoja wao katika mkutano chuoni kwetu. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Kigoma, akaniuliza habari za safari, akangoja nimjibu yote mpaka mwisho. Sijui kama naweza kukueleza namna nilivyojisikia, lakini ungependa kumfanyia Mjapani jambo hilo.

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Binti yangu wa miaka 19 amepata nafasi ya kusoma Japani. Mimi na mama yake tunafurahi na tunaogopa. Atakula nini, ataswali wapi, akiugua nani atamtazama? Na mama yake anauliza, huko ni saa ngapi, tumpigie wakati gani tusimsumbue? (Mzazi, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Msikiti wa Kobe umekuwapo tangu mwaka 1935, na ule mkubwa wa Tokyo uitwao Tokyo Camii ulifunguliwa upya mwaka 2000 baada ya ule wa 1938 kubomolewa. Miji yenye vyuo vikubwa aghalabu ina msikiti au chumba cha kuswalia, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa. Chakula kinahitaji macho. Samaki, wali, mboga na mayai viko tele, lakini pombe ya kupikia hutiwa kwenye michuzi na mafuta ya nguruwe kwenye supu za tambi na hata baadhi ya mikate. Mfundishe herufi mbili kabla hajaondoka, 豚 ya nguruwe na 酒 ya pombe, azisome nyuma ya kila pakiti. Mwezi wa Ramadhani hakuna atakayemzuia kufunga, ila ratiba ya masomo haitabadilika, na wenzake watamuuliza kwa mshangao wa kweli kama hata maji hanywi. Wenzake wakimwalika kwenye maji ya moto ya jumla, ambako wanawake huoga pamoja upande wao bila nguo, anaweza kukataa na hakuna atakayekasirika, aseme tu „chotto“ na aiache hapo.

Kuhusu ugonjwa, ndani ya siku 14 tangu apate makazi atatakiwa kuandikisha anwani yake ofisi ya manispaa na kujiunga na bima ya afya ya taifa, ambayo hulipa asilimia 70 ya matibabu, yeye akilipa asilimia 30. Asilichelewe hilo. Atafundishwa pia la kufanya ardhi inapotetemeka, na mazoezi hayo ahudhurie yote.

La upweke sitakuficha, mzee wangu. Majira ya baridi jua huzama mapema, na katika nchi ambayo heshima ni kumwacha mtu kwa amani, mgeni anaweza kumaliza siku nzima asisikie mtu akiliita jina lake. Mimi ilinipata, na kilichonitoa ni sauti ya mama yangu kwenye simu akiniuliza nimekula nini. Kwa hiyo swali la mama yake si dogo.

Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili mwaka mzima. Mpigieni saa tisa za mchana za Tanga, kabla ya swala ya alasiri. Kwake itakuwa saa tatu usiku, amekwishakula na kuswali isha, na yuko chumbani. Akiwa na saa ya mkononi ya mishale, mwambieni asiirekebishe akifika. Saa tatu ya kule, ya asubuhi au ya usiku, itamkuta mshale umesimama kwenye 3, na saa nne kwenye 4, na siku nzima vivyo hivyo, saa ya Kiswahili ikisomeka kwenye kioo kama ilivyo mdomoni, na papo hapo ikimwonyesha nyumbani ni saa ngapi.